Mwalimu wa Kitenzi Kimoja

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na wifi. Sisi huku tunapumua, na ukisikia mtu anasema anapumua tu, ujue hana la kujivunia. Mama anakutaja kila akipakua chakula. Mimi nimekonda, usinicheke.

Unajua tangu kiharusi kimpate Baba, ulimi wake umebaki na neno moja, "get". Mtu aliyefundisha Kiingereza hadi akastaafu, wanafunzi wakamwita Mwalimu Get, ameachiwa kitenzi chake kilekile. Ingekuwa ya jirani ningecheka. Unakumbuka alivyokuwa akikisifia? Kibarua wa Kiingereza, kila kazi anatumwa yeye. Kupata barua, kuamka, kufika nyumbani, kuelewa, kuoa, kupona, kupotea, yote anabebeshwa huyohuyo.

Basi naye Baba akawa anakibebesha kila kitu. Akitaka maji, "get". Akichoshwa na wageni, "get". Mama, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea chumvi, anamwelewa kwa sauti na macho. Anamfungia dirisha, anamgeuza ubavu, wala hakosei. Mimi msomi ndiye ninayebahatisha.

Kile kidonda cha mguuni, kwa sababu ya kisukari, kikaanza kuoza, tukamlaza hospitali. Daktari akatuambia tusijisumbue na lile neno, linatoka tu, ndani hamna mtu. Yaliniuma sana. Nikavuta pazia la kitanda, nikafanya somo kama alivyotufundisha utotoni pale mezani: unatamka huku unatenda, ukipatia anagonga meza kwa kidole mara mbili, ukikosea anagonga mara moja. Nikasimama, nikasema "get up". Akagonga chuma cha kitanda mara mbili. Nikakaa, nikasema tena "get up". Akagonga mara moja na kunikunjia uso uleule wa zamani. Nililia mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Baba yumo, kaka. Yumo mzima.

Baadaye daktari akasema mguu usipokatwa sumu itasambaa mwilini na tutampoteza. Mama akashikilia kwamba aulizwe mwenyewe. Wewe kwenye simu ukaniambia lolote nitakaloamua ni sawa, na hilo bado nina hasira nalo. Nikabaki na Baba peke yetu, nikamweleza yote polepole, nikamuuliza kama wakate. Akagonga mara moja. Nikabadilisha maneno, nikidhani amechoka. Mara moja tena. Kisha akanishika mkono, akasema neno lake kwa upole, akiangalia mlangoni. Alitaka kurudi nyumbani na mguu wake, liwalo na liwe.

Sasa soma hili ukiwa peke yako. Nilitoka nje, Mama akanikazia macho, nikamwambia amegonga mara mbili, yaani amekubali. Daktari naye nikamwambia hivyohivyo. Wakamkata. Nimemdanganya Mama, na Baba nimemnyang'anya neno la mwisho alilokuwa nalo. Niliogopa kufiwa, basi. Sina sababu nyingine ya heshima.

Watu wanatupongeza. Kidonda kimefunga, Baba yuko nyumbani, anakula akilishwa. Ila tangu azinduke hajasema "get" hata kwa kiu. Maji anayaangalia tu. Mama anadhani ni dawa, anasema yataisha. Leo asubuhi nimemkalisha mezani, nikarudia somo. Nimekaa nikasema "get up", nimesimama nikasema "get down", nimeharibu kila kitu kwa makusudi. Mkono wake ulilala tu juu ya meza. Hata ile moja ya kunikatalia hakunipa.

Kaka, nimeishiwa. Usitume kitu, njoo. Mama nitamwambia mwenyewe, ila nikiwa nimekaa karibu na wewe, maana peke yangu sitaweza. Na Baba pia anakuhitaji. Mimi nilikuwa nikipatia, ndiyo maana mkaniita Kasuku. Wewe ndiye uliyekuwa ukikosea hadi tukadhani meza itapasuka. Njoo ukosee mbele yake. Huenda akashindwa kuvumilia.

Msalimie wifi, na safari iwe njema.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku