Sahani ya Bi Somoe

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Mchinga tu wazima. Babu yako anakohoa lakini ubishi haujapungua. Umeniuliza kwa nini yule mzee aliukataa unga wa kikundi chenu cha kujitolea.

Ujanani niliongoza kikundi cha akina mama hapa. Ramadhani moja tuliwaita wajane uwanjani, jina kwa jina, wachukue mchele. Jirani yangu Bi Somoe hakutokea, na nilijua hana kitu jikoni. Nikasema ana kiburi.

Magharibi mama akapakua wali, akaufunika kwa kawa, akanituma nimpelekee kama futari ya jirani. Bi Somoe aliupokea akicheka. Kesho yake akaileta sahani yetu, ndani yake mna ndimu tatu.

"Sahani ya jirani siirudishi tupu," akasema. "Ule mchele wenu wa uwanjani ningeurudishia nini?"

Mwaka uliofuata tulipeleka vyakula nyumba kwa nyumba, na yeye alikuwa mmoja wa wapelekaji.

Rudi kwa huyo mzee. Safari hii nenda mikono mitupu, umwombe kitu.

Bibi yako,
Mwanahawa