Kidole Kimoja Kwenye Mteremko

Nyumbani, juu ya mteremko
Ijumaa, 14 Machi
Saa kumi alasiri

Mpendwa Kaka,

Mafuta ya breki yamepatikana yalikokuwa yakienda. Aliyesema hivyo ni fundi, leo saa nne na robo asubuhi, akiwa ameinama chini ya boneti na tochi mdomoni. Kisha aliitoa tochi akarudia, ili nimsikie vizuri. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: barua ndefu unaisoma kwa kurukaruka, na nisingependa uruke hili.

Sasa salamu, kama tulivyolelewa. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi lakini akishuka hayamsumbui, na anadai hiyo ni dalili ya ujana. Shangazi amepata miwani mipya na ameanza kuona vumbi ambalo hatukuwa nalo. Baba anakula vizuri. Mkono wake wa kulia unashika kijiko tangu wiki mbili zilizopita, ingawa kijiko bado hakifiki mdomoni. Mimi niko gazetini kama kawaida, nakimbizana na habari za watu wengine.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mara zote mbili tulipozungumza ulinikatiza nikiwa katikati ya maelezo. "Gari la zamani halikosi taa. Kata waya mlale." Sikuukata. Soma mpaka mwisho, ndipo unijibu.

Kwanza uelewe kwa nini jambo hili si la kusubiri. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipanga wiki kumi na mbili kwa ajili ya Baba baada ya kiharusi, Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Zimebaki tatu. Jumanne iliyopita hakwenda. Leo hakwenda. Yule dada ameniambia waziwazi, bila ukali, kwamba akikosa mara ya tatu mfululizo nafasi yake anapewa mwingine, na foleni ni ya miezi minne. Mkono unaoanza kushika kijiko haungojei miezi minne.

Utauliza teksi. Tulijaribu Jumanne. Kiti kilikuwa chini mno, mlango mwembamba, na watu watatu tukashindwa kumwingiza bila kumkunja. Alituangalia, akasema neno moja: "Basi." Tukamrudisha ndani. Lile gari letu, pamoja na uzee wake, kiti chake cha mbele kiko usawa wa kiuno na mlango unafunguka wote. Anakaa, anageuka mwenyewe, anavuta mguu. Kwa hiyo gari lazima litembee, na lazima lisimame pia linapotakiwa kusimama.

Sasa taa, ile nyekundu ya breki kwenye dashibodi. Mama aliiona mara ya kwanza Februari mwanzoni, akiteremka kwenda hospitali. Ilikuwa ikiwaka na kuzimika. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa breki ya mkono, maana taa ni hiyohiyo moja: huwaka breki ya mkono isiposhuka yote, na huwaka mafuta ya breki yakipungua. Niliinama, nikasafisha kile kitufe kilicho chini ya wenzo wa breki ya mkono kwa mswaki wa zamani. Taa ikazimika. Nikajipongeza siku tatu nzima. Baadaye nilikuja kujua kwamba asubuhi ileile, kabla sijashika mswaki, kuna mtu alikuwa ameongeza mafuta ya breki. Nakuja huko.

Ijumaa iliyopita Mama alirudi kutoka hospitali akakaa garini muda mrefu kabla ya kushuka. Nilimfuata. Akasema amesimama kwenye taa za barabarani na pedali ikawa inazama taratibu chini ya mguu, kama unakanyaga unga uliokandwa. Nilichukua ufunguo. Hakubisha, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Jumamosi nilihoji kila mtu. Mama, Shangazi, jirani anayeosha gari. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, lakini nilifanya kosa ambalo ningemkaripia mwanafunzi: sikumhoji anayekaa kiti cha mbele kila safari. Kwa sababu anazungumza polepole, nilidhani hana la kusema.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Baba alininyooshea mkono wa kushoto na kusema, "Andika." Nikafungua daftari. "Tano," akasema. Nikaandika. "Kimya. Tano. Nne. Tatu. Kimya." Akapumzika. "Tano. Nne. Tatu. Mbili. Kimya."

"Tano nini, Baba?"

"Nguzo."

Ilimchukua kama dakika kumi kunieleza, nami sikumharakisha. Unazikumbuka nguzo za umeme za mteremko wetu. Ziko tano mpaka kwenye daraja, na kadiri unavyoshuka ndivyo barabara inavyozidi kuinama. Baba, mpima ardhi wa miaka thelathini na nne, amekuwa akihesabu ni kwenye nguzo ya ngapi taa inawaka. Gari likiinama, mafuta husogea upande wa mbele wa kikombe yanamowekwa; yakiwa machache, taa huwaka. Yakizidi kupungua, huwaka mapema zaidi. Kila mara ilipowaka aliinua mkono wa kushoto na kuonyesha vidole. Vitano, vinne, vitatu. Mama alidhani anaambiwa apunguze mwendo.

"Nikamwambia, mzee, naenda taratibu," Mama akajitetea. "Taratibu zaidi ya hapa ni tushuke tulisukume."

Baada ya kimya cha mwisho, Ijumaa ile ya pedali kuzama, alionyesha kidole kimoja.

Lakini neno lililonisimamisha ni "kimya". Taa haijirekebishi. Ikiwa ilinyamaza, kuna aliyeinyamazisha. Nikauliza pale mezani: nani amekuwa akiongeza mafuta? Shangazi alimtazama Mama, Mama akatazama chombo cha sukari. Shahidi akisita, toa chako kwanza. Nilikwenda chumbani, nikaleta chupa yangu na kuiweka mezani. Ndiyo, mimi pia. Mwishoni mwa Februari niliongeza theluthi ya chupa ya nusu lita na sikumwambia mtu, nikiogopa safari za Baba zisije zikasimama.

Mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa mbili zilizokuwa nyuma ya sabuni za kufulia. Moja tupu, moja imeanzwa. Shangazi akafungua kikapu chake cha cherehani. Nusu chupa, imefungwa kwenye kitambaa cha maua.

"Wifi! Na wewe?" Mama akashangaa.

"Na wewe pia? Mimi nilikuwa nakuficha usiogope."

"Na mimi nilikuwa nakuficha usinipigie dua kila nikiwasha gari."

"Dua nilikuwa napiga hivyohivyo."

Baba alicheka. Upande mmoja wa uso ndio uliosogea, lakini sauti ilikuwa nzima. Shangazi akaeleza kwamba marehemu mume wake, dereva wa lori, ndiye aliyemfundisha kufungua kile kifuniko, na kwamba siku ile ya mswaki wangu aliniona najisifu akaona aniache nifurahi. Nikamgeukia Mama.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeninyang'anya ufunguo."

"Ningekunyang'anya, ndiyo."

"Haya. Umeshajibiwa."

Nilijumlisha. Nyumba hii imemimina zaidi ya lita moja katika kikombe kisichobeba hata nusu lita, kwa wiki tano, na kila mmoja akiamini yuko peke yake. Hivi ndivyo watu wanaopendana wanavyoweza kuuana, Kaka. Sisemi kwa uchungu, nasema kwa uzoefu. Nimesimama kwenye ajali nyingi nikiwa na daftari mkononi, na dereva aliyepona husema maneno yaleyale: breki zilikataa ghafla. Baada ya siku mbili, tatu, hupatikana mtu aliyeona kitu wiki moja kabla. Sijawahi kukutana na hiyo "ghafla".

Jumapili hiyo jioni nilitandika maboksi chini ya gari lote. Jumatatu asubuhi yalikuwa makavu. Nilipiga picha za matairi kwa ndani, manne yote; makavu. Lita moja imeingia, hakuna hata tone chini. Hapo ndipo nilipompigia fundi, si yule wa gereji ya barabarani aliyetaka kutoa balbu, bali huyu mzee mfupi tunayemwita Kumi na Mbili, kwa kuwa spana ya namba hiyo haitoki mfukoni mwake hata akienda msibani.

Alikuja Jumatano. Hakushika kitu kwanza. Alisikiliza, akaomba kuona daftari, akasoma nguzo za Baba mara mbili.

"Huyu mzee anatafuta kazi? Nina vijana watatu hawajui kuhesabu matairi."

Kisha akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akawasha injini, akaniambia nikanyage breki nisiachie. Nikahesabu. Nilipofika ishirini pedali ilikuwa imeshuka nusu ya safari yake, bila mimi kuongeza nguvu. Akatikisa kichwa. "Dada mwandishi, mafuta ya breki hayaliwi kama ya injini. Pedi zikiisha hupungua kidogo, lakini zako bado nene. Yakipungua hivi, kuna mahali yamekwenda."

Leo asubuhi amefungua nati mbili zinazoshikilia masta, yaani ile silinda inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu yote, akaivuta mbele kiasi cha vidole viwili. Nyuma yake kuna lile duara jeusi kama sufuria lenye kifuniko, linalousaidia mguu kukandamiza. Akachovya kipande cha waya ndani ya hilo sufuria, akakitoa kimelowa. Mpira wa masta umekwisha kwa umri, na kila breki ilipokanyagwa, mafuta yalirudi nyuma na kujificha humo. Ndiyo maana hapakuwa na tone chini. Amekamua mafuta ya kujaza kikopo kizima cha maziwa. Sufuria lenyewe amelikausha na kulipima, anasema bado linavuta hewa sawasawa, lakini atalipima tena masta mpya ikishafungwa. Nilimuuliza: kama tungekata waya? Akafuta mikono, akasema, "Mngeshuka salama mara moja, labda mara mbili." Nimenukuu kama alivyosema.

Masta mpya inafika kesho Jumamosi. Jumapili ataifunga na kutoa hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote. Jumatatu, tarehe 17, saa moja asubuhi, atalishusha mwenyewe mpaka darajani mara tatu bila abiria, mimi nikiwa nimesimama kwenye nguzo ya kwanza. Taa ikiwaka hata mara moja, gari halitoki. Katika hali hiyo nimeshazungumza na dereva wa gazeti: ana gari refu, milango mipana, na amekubali kuja Jumanne saa mbili. Vyovyote itakavyokuwa, Baba anafika. Hilo halina mjadala tena hapa nyumbani.

Chupa zote nimezikusanya. Imebaki moja, iko juu ya kabati la sebuleni ambako kila mtu anaiona, na daftari limefungwa kwayo kwa uzi. Atakayeongeza ataandika siku, kiasi, na yeye nani. Shangazi amenung'unika kwamba nyumba imekuwa kituo cha polisi, kisha akauliza kalamu iko wapi.

Sasa ninalo swali kwako, na nataka jibu kwa maandishi. Hesabu ya Baba haianzi Februari. Inaanza Januari, ulipokuwa likizo na wewe ndiye uliyempeleka wiki mbili za mwanzo. Tano ya kwanza kabisa ameiweka kwenye safari yako. Anasema mlipofika darajani aliinua mkono, vidole vyote vitano, nawe ukapiga kiganja chake kwa kicheko: "Tano, mzee wangu!" Hakukukasirikia. Alipomaliza kunisimulia alitabasamu. Ila Mama anakumbuka kukuona kesho yake ukifuta mikono kwa gazeti langu, kando ya boneti iliyofunguliwa. Je, uliongeza? Siku gani, kiasi gani? Sikulaumu, hapa mezani tulikuwa watatu wenye kosa hilohilo. Nataka tu hesabu ya Baba ikamilike, maana fundi anaihitaji kujua ugonjwa ulianza lini, na Baba anastahili kuambiwa kwamba alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mama anakusalimu na anakuomba usimtetee kwangu. Shangazi anakusalimu na anauliza kama huko miwani ni imara, maana hii yake inateleza. Baba amenyoosha kidole gumba, bila maelezo. Mungu akutunze wewe na nyumba yako, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Jumanne tarehe 18 tunaondoka saa mbili na dakika kumi. Ikiwa fundi ameridhika, Mama ataendesha, nami nitakaa nyuma. Baba atakaa mbele, mkono wa kushoto ukiwa huru. Akiinua hata kidole kimoja, Mama anasimama hapohapo, na hakuna atakayeuliza kwanza.

Mdogo wako akupendaye, ambaye hakuukata waya