Pua ya Mzee Pask

Braamfontein, Johannesburg
14 Agosti 2017

Mpendwa mdogo wangu Ameir,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku. Mgongo wangu umepoa na cherehani inakwenda. Wewe je? Na mama, miguu bado inamvimba? Nijibu hilo kwanza, maana wewe ukinuna huandiki kitu.

Nimesikia gazeti limekuachisha kazi kwa ile katuni ya mkubwa, nawe umeapa hutachora tena, utauza vocha. Sikulaumu. Nimeumia sana.

Ila sikia habari za jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mzee Pask, Mwingereza aliyechora katuni magazetini London. Nilikuwa nikimpelekea suruali nilizompunguzia, ananihadithia. Alianza kwa kuchora matangazo ya viatu. Akapanda hadi gazeti kubwa, akawachora mawaziri kama kuku na mabata, na wenyewe wakapiga simu kutaka kuzinunua picha hizo wazitundike chooni. Waingereza hao! Siku moja akamchora mwenye gazeti, akafukuzwa. Akakaa akichora paketi za biskuti, mkewe akimcheka, mpaka gazeti jingine likamchukua. Mkono ulipoanza kutetemeka ndipo akamfuata binti yake Judith huku.

Katuni zako nilimwonyesha kwenye simu. Alicheka mpaka akakohoa, na Kiswahili hajui hata neno.

Ameir, mzee huyo amefariki. Tumemzika Jumanne, watu kimya kama wanasubiri basi. Kwetu watani wangeshafika zamani kumzodoa marehemu. Yeye hana hata mmoja. Nikaona vibaya. Nikaitwaa kofia yake juu ya jeneza, nikaivaa, nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Mzee, pua za wenzio umezikuza, yako umeificha. Inuka tukuchore."

Léocadie, msusi Mkongo wa hapa chini, akanifinya: "Tabia, huku habafanyake vile," yaani huku hawafanyi hivyo.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Judith alicheka, kisha akalia, mara ya kwanza tangu msiba uingie. Jana akaja kwangu. Anasema baba yake kachora dunia nzima na hakuna aliyemchora yeye. Anataka katuni ya mzee ya kutundika ukutani, na pua yote.

Nakutumia picha ya mzee, ya kamera, humu ndani ya bahasha. Nimekwishamwambia Judith nina mdogo wangu mchoraji. Usinifanye mwongo.

Nisalimie mama, wifi Najma na mjomba Vuai. Mola akutie nguvu na akufungulie riziki.

Mimi dada yako nikupendaye,
Tabia