Hariri Chini ya Roshani ya Wifi

Jumanne, 7 Juni 2016

Nimenunua! Seti nzima — sidiria, chupi, shimizi. Hariri tupu, rangi ya maziwa, lesi pembeni. Msichana wa dukani akauliza kama ni zawadi ya binti yangu. Nikamwambia ni ya bi harusi. Sikumwambia bi harusi ana miaka hamsini na saba na ni mjane.

Lyuben amekodi chumba Pomorie, baharini. Tunaondoka Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu. Mgane, dereva wa treni mstaafu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Nikimfikiria nacheka peke yangu jikoni.

Nimeifua kabla ya kuivaa. Maji baridi kwenye beseni, shampuu ya watoto kidogo. Hariri haifikichwi wala haikamuliwi. Unaibonyezabonyeza, unasuuza, unaiviringisha ndani ya taulo mpaka taulo inywe maji yote. Kisha kivulini. Nimeianika barazani nikasimama naitazama kama mjinga.

Jumatano, 8 Juni

Mshenzi! Mshenzi yule!

Nimetoka kuanua, nakuta shimizi lina matone mekundu toka kifuani hadi pindoni. Nikadhani damu. Cheri! Wifi yangu Zdravka, dada wa marehemu mume wangu, anakaa juu yangu tangu siku niliyoolewa. Nyumba ni ya baba yao — yeye ghorofani, mimi chini — na roshani yake iko juu ya kamba yangu sawasawa. Alikuwa anatoa kokwa za cheri, anapika jamu.

Nikamwita. Akachungulia na kitambaa chake cheusi. Asen ana miaka mitano kaburini, na wifi bado yuko kwenye nyeusi, mtaa uone nani anamlilia zaidi.

"Wifi, umenimwagia cheri!"

"Kumbe kuna kitu hapo? Mimi nilidhani umeanika pazia la bafuni."

Doa halingoji mtu. Maji baridi papo hapo, kwa upande wa nyuma, ili doa lirudi lilikotokea. Halafu siki nyeupe iliyozimuliwa, pamba, kugusagusa tu — ukisugua umeua uzi. Nikarudia, nikarudia. Limetoka! Nimeianika tena. Palepale. Aione vizuri.

Ijumaa, 10 Juni

Ginka wa ng'ambo ya barabara kaja kunywa kahawa, na umbea wake mkononi. Eti Zdravka kasema kwa muuza mikate kwamba kaka yake hajatulia kaburini na mkewe ameshaanza kununua chupi za lesi.

Hajatulia! Asen alilala kiharusi miaka miwili kwenye kitanda kile pale. Nani alimgeuza? Nani alifua mashuka asubuhi, akafua tena jioni? Dada mtu alishuka siku za sikukuu, na keki.

Jumatatu, 13 Juni

Nilienda sokoni, basi. Saa moja haikuisha.

Safari hii si matone. Ni beseni zima. Maji ya matunda mabichi ya mjozi, yale anayoloweka kila Juni kwa jamu, yanayotia vidole weusi hadi Agosti. Shimizi, sidiria, chupi — vyote. Rangi ya tumbaku.

Siki. Limau. Sabuni ya kipande. Gliserini. Nimebembeleza nguo ile mpaka maji ya nne. Wapi! Doa la mjozi halitoki, kila mwanamke wa hapa Kyustendil anajua. Yeye pia anajua. Klorini ingelitoa, ndiyo, na hariri ingetoka nayo.

Nimepanda ngazi. Akafungua mlango nusu, amejifunga shali kifuani na joto hili lote. Uso kama nta.

"Mvalie huyo Lyuben wako hivyo hivyo," akasema. "Sasa inafanana na wewe."

"Nitakulipa, Zdravka."

"Na foleni ushike."

Akafunga. Nimelia juu ya beseni. Halafu nikanawa uso. Nitamlipa! Haki ya Mungu nitamlipa.

Jumanne, 14 Juni

Klorini kwenye nguo nyeusi. Tone moja tu, doa la rangi ya kutu, la milele. Nimejaza chupa ya kunyunyizia. Nimeiweka nyuma ya mlango.

Leo hakuanika kitu.

Ijumaa, 17 Juni

Hajaanika. Nguo za ndani ndiyo kabisa, huzikausha ndani, karibu na jiko. Mwanamke mwenye heshima haanikii chupi wapita njia — hilo nililisikia mwezi wa kwanza wa ndoa yangu, mbele ya mama mkwe. Sijalisahau. Sisahau kitu, mimi.

Lyuben kapiga simu. Kasema yeye hajali hariri, hata nikija na gunia. Ananipenda, lakini haelewi. Hii si habari yake.

Jumamosi, 18 Juni

Ipo mbingu! Mchana kulipiga dhoruba, mvua ya mawe, madirisha ya juu yakafunguka yakabamiza. Ilipotulia nikatoka kuangalia mizabibu, na juu ya chanja ya mzabibu — sidiria. Ya Zdravka! Pamba nyeupe, kubwa, imeoshwa mpaka imechoka. Upepo umeinyakua huko jikoni kwake ukaniletea mimi.

Nikaigeuza. Kikombe cha kulia, ndani: doa. Kahawia pembeni, katikati jekundu. Kashonea kitambaa juu yake, na doa limepenya hata kitambaa. Huyu ndiye anayeniita mchafu!

Kesho ni Pentekoste. Mtaa mzima utapita mbele ya lango letu ukitoka kanisani.

Jumapili, 19 Juni

Nimefanya.

Niliibana langoni kwa vibanio vinne, ndani ikiangalia nje. Nikaketi barazani na kahawa yangu. Wakaja, majani ya mjozi waliyopigia magoti kanisani, kama desturi ya Pentekoste, bado yako mikononi. Wa kwanza akasimama. Wa pili akaziba mdomo.

"Jamani, hema hili la nani?"

"Si langu," nikasema kwa sauti. "Langu ni hariri. Muulizeni wifi yangu, bibi mwenye heshima."

Wakacheka. Mungu wangu, kicheko kile kilikuwa kitamu! Na Zdravka mwenyewe alikuwa nyuma yao, anakuja polepole. Akaiona. Nikangoja matusi. Alijikumbatia kifua kwa mkono mmoja, akapita katikati yao, akapita mbele yangu, akapanda ngazi akishika ukuta.

Ginka peke yake hakucheka. Alisogea langoni, akashika kile kikombe, akakitazama sana. Akaondoa vibanio kimoja kimoja, akaikunja, akaniwekea mapajani.

"Tsvetana, huu si uchafu. Hii damu imetoka kwenye titi. Dada yangu Todorka alianza hivi hivi. Alituambia kajikwaruza na mkanda."

Todorka tulimzika kabla ya Asen.

Watu wakaondoka. Hakuna aliyeniaga.

Jumatatu, 20 Juni

Nimeifua. Damu ni maji baridi na chumvi — ya moto yataipika, haitatoka kamwe. Nikaiacha ilowe, nikabadilisha maji, yakaja rangi ya chai, nikabadilisha tena. Huku namtukana. Kila nilipobonyeza, tusi. Kwa nini hukusema, punda wewe! Kile kitambaa kilishonwa kwa mishono midogo, mizuri, ya mtu aliyekaa na kazi yake taratibu bila mtu wa kumwita. Kimebaki kivuli tu cha doa.

Nikapanda. Hakufungua. Nikasema nitakaa ngazini mpaka Krismasi. Akafungua.

"Umekuja kuchukua nyingine? Mwezi huu hakuna sikukuu tena."

"Tangu lini, Zdravka?"

"Tangu theluji."

"Na ukanyamaza!"

"Nimwambie nani? Wewe? Ulikuwa dukani unachagua lesi."

Nikamwambia aliniharibia kitu pekee kizuri nilichojinunulia tangu Asen alale. Akasema ndiyo, na angekuwa na kiberiti angekichoma. Nikasema na mimi sijuti la jana. Hapo nilidanganya. Yeye sijui.

Akaketi juu ya kiti cha jikoni. Alikuwa mdogo, sijawahi kumwona mdogo hivyo.

"Asen angekuwepo angenipeleka," akasema.

"Asen hayupo. Nipo mimi. Ndiyo balaa lako."

Ginka amempigia mkwe wake, muuguzi huko Sofia. Kuna nafasi kwa daktari Alhamisi asubuhi. Alhamisi! Siku hiyo hiyo ya safari yetu! Hata kuugua anaugua kwa kunikomoa.

Jumatano, 22 Juni

Nimemweleza Lyuben. Kasema Sofia ni njiani, na bahari haina miguu.

Wifi ametangaza masharti yake kutoka roshani: yeye atakaa mbele. Redio isifunguliwe. Na mtu yeyote asimwambie habari za mtu aliyepona kwa kunywa maji ya kiazi sukari chekundu.

Nimempakia nguo za ndani mpya, za pamba, laini, zisizo na mshono kifuani. Nimezifua kwanza. Akiuliza nitasema zilikuwa zimezagaa.

Alhamisi, 23 Juni

Sofia, kwenye korido ya hospitali. Lyuben yuko chini anatafuta pa kuegesha gari.

Alikaa mbele njia nzima. Mimi nyuma na masanduku, goti mdomoni. Dereva wa treni aliyestaafu, na anamfundisha kuendesha! "Punguza, huku hakuna reli." "Honi una ya nini, pambo?" Lyuben ndiyo mama, ndiyo mama. Mlimani wifi akageuka nyuma, akanitazama, akamwambia Lyuben kwamba mimi natapika kwenye kona, asimamishe. Kweli natapika kwenye kona. Miaka thelathini, hajasahau.

Sijamsamehe. Naandika hapa nijue baadaye: sijamsamehe. Nataka apone. Apone kabisa, arudi kwenye ile roshani na nguvu zake zote na ulimi wake wote, halafu tutaonana. Nitamfanyia kitu ambacho Kyustendil haijaona. Lakini awe mzima! Mgonjwa nitamfanya nini?

Muuguzi ameita jina lake. Hakuinuka. Ameita tena.

"Wifi, ni wewe."

"Najua ni mimi." Macho kwenye mlango. "Wewe si ndiye uliyeianika mbele ya mtaa mzima? Inuka basi, ukamweleze daktari."

Korido nzima imegeuka kututazama. Nimesema haya, nakuja, niandike tu mstari huu. Amenishika mkono juu ya kiwiko, kucha zimezama nyamani — makusudi, namjua — na haachii, na mlango umesha—