Mdomo wa Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Leo nilikuwa kwa yule fundi cherehani. Mumewe amepooza upande mmoja, ulimi mzito, macho makali. Nilipomgeuza nikaona kifundo cha mkono — mchubuko wa kamba. Mkewe akaona nimeona. Akavuta shuka. "Chai?" Nikanywa chai! Mimi mhudumu wa wagonjwa majumbani, kazi yangu ni kuuliza, nikanywa chai.

Jumatano, 5 Machi
Nimemkuta fundi peke yake. Sikuuliza nani kamfunga. Nimeuliza yeye hupumzika lini. Akacheka, kisha akalia. Humfunga akienda kupeleka nguo za wateja, maana mumewe akiachwa hujaribu kuinuka, huanguka. "Dada, mimi si mnyama." Nikasema najua, ila kamba iondoke, na bosi lazima nimwambie. Tutatafuta mtu wa kukaa na mgonjwa. Akakubali, kwa sharti moja: wifi yake asisikie kwetu. Atamwambia mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Nina hasira! Bosi nilishamweleza sharti la fundi. Tumefika na bosi, wifi mtu yuko sebuleni. Nikamkonyeza bosi tutoke uani. Wapi! "Tumekuja kwa habari ya kumfunga mgonjwa." Hivyo hivyo, kama anauliza bei ya vitunguu. Wifi akaruka: kumbe kaka yangu anafungwa kama mbuzi! Fundi alinitazama mimi. Si bosi — mimi.
Njiani bosi ananifundisha kwamba ukweli hauzungushwi. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wa bosi umeponza kichwa cha mwenzake.

Jumatatu, 10 Machi
Wifi amemhamishia kaka yake kwake. Kwa fundi nimebisha, cherehani ikanyamaza. Hakufungua.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kwa wifi. Chumba cha mgonjwa kina kufuli kwa nje! Wifi mwenyewe hayupo. Nikamwita mgonjwa kupitia mlango. Akajibu neno moja, kwa shida: jina la mkewe. Tena. Tena.
Wifi akatokea na ufunguo mkononi, macho mekundu, kanga imemning'inia. Hakufoka. Alikaa chini palepale kizingitini. Kumbe kazi ni hii, akasema; nami nilimtukana mwenzangu mbele za watu. Halafu akanishika mkono: "Usimwambie mtu kwanza. Nakuomba."
Nimemwambia siwezi kunyamaza. Nimemwambia pia sitamwaibisha. La pili nimeahidi kwa ulimi wa nani? Ripoti ni lazima. Na bosi akiisoma tu, atataka twende wote.