Mahindi ya Mzee Melchior

Jumatatu, 19 Januari

Tairi la nyuma tena. Limepasuka karibu na Rwekubo, kwenye lami, baada ya kuvumilia mashimo yote ya kambi yetu ya wakimbizi. Nimebadilisha mwenyewe. Wapakiaji wamekaa kivulini wakinipa ushauri.

Mahindi yamefika Mbarara mchana. Bosi ameizunguka Fuso yake kwanza, ndipo akanisalimia. Analipenda hilo gari kuliko watu. Simlaumu, hata mimi nalipenda. Mavuno yakiisha analichukua, mimi narudi kukaa. Kule kwetu Uvira, Kongo, niliendesha mchanga na bia mwaka mzima. Hapa naendesha mahindi, yakiwepo.

Jioni nimempitia Consolata, msichana niliyemposa, sokoni kwenye maharage yake. Baba yake, Mzee Melchior, anataka kuniona keshokutwa.

Jumatano, 21 Januari

Nimeenda kwa Mzee Melchior na shati lililopigwa pasi. Nilidhani leo nitajibiwa posa yangu. Warundi hawana haraka. Amenikalisha, ameniuliza habari za gari, za tairi, za bosi. Anakohoa sana. Kisha amenipeleka shambani kwake. Mahindi yamekauka, yako tayari.

"Tuvune kwanza, shofere. Ikisha kutoka shambani, uje na wazee wako, nitakujibu. Hii mahindi tutaikulia harusi, ao tutaikula tu bure."

Amecheka mwenyewe mpaka kikohozi kikamkatiza. Nimemwahidi gari wiki ijayo.

Consolata anasema hilo ni ndiyo. Mimi nasema ndiyo ni ndiyo ikishatamkwa.

Ijumaa, 23 Januari

Mzee Melchior amefariki. Kifua. Nimepigiwa simu nikiwa Mbarara, nangoja kushusha mzigo.

Nimerudi bila redio. Nina huzuni, alikuwa mtu mzuri. Pia ninaogopa kwa ajili yangu, na hilo silipendi.

Jumamosi, 24 Januari

Mazishi. Padri hakupatikana, katekista amesalisha. Watu wengi, kelele kidogo. Kwetu tungelia mpaka ng'ambo ya ziwa wasikie.

Gaspard, mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa nyumba sasa. Jibu langu liko kwake. Hajanitazama hata mara moja. Consolata yuko ndani na wanawake. Nimeona kitambaa chake cha kichwa tu.

Jumatatu, 26 Januari

Mawingu mazito upande wa Masha. Mvua haikutakiwa mwezi huu, lakini nani kaiuliza.

Bosi ametangaza: "Wewe dereva, Jumatano iko mwisho. Gari naenda kubeba matoke ya Kaberebere. Kule kambi hapana rudi."

Nimepita shambani kwa marehemu. Mahindi bado yamesimama. Ng'ombe wa watu wameshakula mstari wa pembeni. Nyumbani kwao wanaume wako kwenye mabenchi, wanawake ndani, hakuna anayetajataja shamba. Yakinyeshewa yatashika ukungu, na gari halipo tena.

Nimemwambia Déo, kiongozi wa wapakiaji wangu, kwamba kesho tunavuna pale. Déo ni Mrundi. Amekataa.

"Shofere, mule mimi siingie. Bako mu kilio."

Nimemjibu kwamba kilio ndiyo sababu yenyewe. Amewasha sigara. Uvivu tu.

Baba yangu alipofariki Uvira, majirani walichota maji, wakapika, wakafungua hata kibanda cha mama wakamuuzia samaki wake. Mama alipotoka ndani alikuta hakuna kilichoharibika. Mtu akifiwa, kazi yake inakuwa ya jirani. Mimi hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Jumanne, 27 Januari

Nimevuna na jamaa wawili wa mtaani kwangu, Wakongo wenzangu. Tumeanza asubuhi, tumemaliza kabla jua halijawa kali mno. Shamba lote. Nilikuwa na furaha. Naandika kwa sababu ni kweli. Njiani nilijiona naitwa ndani, nakaribishwa kiti.

Nimeingiza Fuso uani, tumeshusha magunia. Hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi. Mama yake Consolata amefika mlangoni, ameyaona, amejifunika uso kwa kitenge na kurudi ndani. Halafu kilio kimeanza upya, kama siku ya kwanza.

Gaspard amekuja mpaka kwenye mlango wa gari.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, baba mudogo. Nilitaka kusaidia."

"Kaka yangu hajalala vizuri mu udongo, na weye unamuvunia shamba?"

Nimesema basi niyapakie, niyapeleke Mbarara, niwaletee pesa. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Amewageukia watu wake akasema hakuna atakayegusa kile kitu. Nimebaki peke yangu uani, injini inanguruma. Sielewi nimekosa nini. Najua tu nimekosa.

Jumatano, 28 Januari

Mvua. Nimepita kwao kabla ya kuondoka. Magunia yako vilevile, wazi, yananyeshewa. Watu ndani wanayaona. Hata mtoto hakutumwa.

Nimefungua turubai la Fuso. Déo ameniuliza kama nina wazimu. Nimefunika magunia yale, nimekandamiza kwa mawe, nimeondoka na mzigo wa bosi bila kitu juu. Mvua ilikatika Rwekubo, nikamshukuru Mungu mapema mno. Imetupiga tena Kaberebere, na Masha, na kwenye kituo cha polisi cha kuingilia mjini.

Bosi ametia mkono kwenye gunia la juu, ametoa mahindi yaliyoloa, amenionyesha kiganjani. Ameuliza turubai liko wapi. Nimesema liko msibani.

"Nyinyi watu ya kambi iko na mambo mingi," amesema. "Leta turubai yangu. Mwezi wa sita tutaona kama umepata akili."

Amechukua ufunguo. Ana haki.

Alhamisi, 29 Januari

Sina gari. Mikono haijui pa kukaa.

Déo amekuja. Ameeleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kwao mtu akifa, jembe linalala. Hakuna kulima, hakuna kuvuna, mpaka ndugu wakae wanywe pamoja na mkubwa wa nyumba awaruhusu kurudi kazini. Wanaita guca ku mazi. Wamechelewa kwa sababu pombe ya ndizi haijaiva. Siku hiyo ikipita, wenye nyumba ndio wa kwanza kuingia shambani. Anayewatangulia anasema kifo kimempendeza. Au anataka mali.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona mzee amekufa, nikaja mbio na gari kubeba mahindi yake. Na binti juu yake. Ndivyo inavyosemwa kisimani.

Nimemkasirikia Déo. Kwa nini hakusema? Amesema alisema. Nimefikiria. Ni kweli alisema.

Consolata hapokei simu.

Ijumaa, 30 Januari

Nimeenda kwa Gaspard. Déo ameniongelea kwa Kirundi. Nimekaa chini, si kwenye benchi. Déo ameongea muda mrefu, nadhani amefika mpaka Uvira na samaki wa mama, maana Gaspard alinitazama ghafla. Mara ya kwanza leo.

Kuku wamepita kati yetu, wamerudi.

"Ile mahindi," Gaspard amesema, kwa Kiswahili ili nisikie mwenyewe, "irudi fasi ilitoka."

Déo amecheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani: mahindi yarudi shambani, pale pale yalipotoka. Déo mwenyewe anasema hajawahi kuona kitu hicho, si Burundi, si hapa. Nimeuliza kama nikirudisha nitasamehewa. Gaspard amesimama akaingia ndani.

Jumamosi, 31 Januari

Nimeazima baiskeli ya mbeba matoke. Gunia moja moja, nasukuma, namwaga, narudi. Mabua bado yamesimama, matupu. Nimemwaga mahindi chini ya mabua, mstari kwa mstari, kadiri nilivyokumbuka yalikotoka. Yaliyo juu yalikuwa yameshaloa siku ile ya mvua, mengine yameanza kubadilika rangi. Hayo nayo nimeyarudisha.

Watu wamesimama njiani kutazama. Wengine wamecheka, hasa Wakongo wenzangu. Wawili walionisaidia kuvuna hawakuonekana.

Nimejisikia mjinga. Halafu mgongo umeuma, nikaacha kujisikia chochote. Anga safi leo. Turubai nimelianika, nimelikunja.

Jumapili, 1 Februari

Baada ya sala wamekunywa pombe ya guca ku mazi. Nimekaa mwisho kabisa, karibu na Déo. Gaspard ameongea kwa Kirundi, nimelisikia jina la Melchior, na neno la jembe ambalo Déo amenifundisha. Chombo cha pombe kimezunguka. Kwangu hakikufika. Wala sikufukuzwa.

Consolata ametoka nje mara moja kumwaga maji. Amekonda. Amenitazama muda wa kutosha. Nampenda, na sijui kesho itakuwaje.

Jumatatu, 2 Februari

Wameingia shambani asubuhi. Mimi nimesimama njiani, nje ya mpaka.

Mama yake ndiye aliyeanza. Ameinama, ameokota hindi moja kutoka ardhini, amelifuta udongo kwa kitenge, ameliweka kikapuni. Amesimama kidogo. Kisha Gaspard. Kisha Consolata na wadogo zake. Yenye ukungu wameyatenga pembeni bila kunitazama. Wameokota kama watu wanaovuna, mabua yote yakiwa matupu juu ya vichwa vyao.

Gunia la kwanza limejaa. Mama amegeuka huku na huku akitafuta kamba. Ameniona.

"Mukwe, kuya ufunge hii gunia."

Gaspard amelisikia neno hilo. Ameendelea kuokota.

Nimeingia, nimefunga. Tumemaliza jioni. Kesho napeleka turubai Mbarara.