Dazeni Yako Ilikuwa Kumi na Tatu

Mama,

Ni mimi, Akinyi. Tangu tukuzike, karai lako la mandazi linatumiwa na Atieno, mke wa kaka, na wateja wa soko la Rangwe wanamlalamikia. Wakiagiza dazeni, anawapa kumi na mbili. "Mama alikuwa anatupa kumi na tatu," wanamwambia.

Unakumbuka nilivyoaibika? Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu akauliza dazeni ni ngapi, nikasimama kwa fahari nikasema kumi na tatu. Darasa zima likacheka. Nikaja sokoni na hasira zangu, nikakuambia mbele ya wateja, "Mama, wewe hujui kuhesabu."

Hukunifokea. Ulimaliza kufunga mandazi kwenye gazeti, ukasema, "Kumi na mbili naijua, nyathina, mwanangu. Dazeni ni kitu kingine."

Sasa mimi ndiye mwalimu. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza neno dazeni limetoka wapi. Nikajibu upesi, kwa Waingereza. "Na wao walilitoa wapi?" akauliza tena. Nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Kumbe Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilipata kwenye Kilatini, ambako ni mbili na kumi. Nikaona basi, nilikuwa sahihi kukuambia hujui kuhesabu. Kisha nikateremsha macho kidogo. Palikuwa na dazeni nyingine, dazeni ya mwoka mikate, nayo ni kumi na tatu. Inasemekana waokaji wa zamani kule waliogopa kuadhibiwa mikate ikipungua uzito, ndiyo maana wakawa wanaongeza mmoja.

Nikafunga kile kitabu. Wewe ulijuaje?

Nikampigia mama mdogo, yule wa Migori. Akacheka. "Si alifanya kazi kwenye bekari Homa Bay kabla hajaolewa? Mwenye bekari ndiye aliyewafundisha hivyo."

Miaka yote hiyo hukuniambia. Ama mimi ndiye sikuuliza. Nilishaamua kwamba hujui.

Nisamehe kwa siku ile, Mama.

Mama mdogo anasema mwenzako mliyekuwa mkikanda unga pamoja naye pale bekari bado yuko, anakaa karibu na ziwa. Jumamosi naenda kwake. Mambo ya dazeni sitamuuliza. Nataka anieleze ulikuwa msichana wa namna gani, ulikuwa ukicheka na nani, ulitaka kuwa nani.

Pumzika. Nikirudi nitapita kaburini nikusimulie yote.

Akinyi wako